Ng'ombe wa Luhende Waliohamia Buswelu

Robota la mitumba lilipomwangukia Luhende kichwani, pale Mwanza sokoni, wapagazi wenzake walisema soko huria sasa limemgusa yeye binafsi. Alikuwa akishusha mzigo wa makoti kwenye lori, kamba ikakatika. Alipozinduka hospitalini alimkumbuka hata mbuzi aliyempiga pembe utotoni, ila miezi michache ya mwisho haikuwamo kichwani kabisa.

Daktari alimweleza kwamba kusahau kuna aina. Yupo ambaye kichwa ni kizima, ila ameona jambo zito na moyo ukalifungia nje. Yupo aliyeliwa na pombe, hata ya asubuhi hayamkai. Yeye ubongo umetikisika: ya zamani yamebaki, ya karibu na ajali yamefutika. Huenda yakarudi, huenda yasirudi.

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani alikwenda kwanza zizini, kama Msukuma yeyote mwenye akili, hata iliyopungua. Zizi tupu. Jirani yake Chenge, ambaye angeweza kummalizia yote kwa sentensi moja, alisema tu kwamba ng'ombe wapo Buswelu, kwa Mzee Shimba. Kisha akaingia ndani kucheka.

Luhende alifika Buswelu amevimba kwa hasira. Kweli, dume lake la pembe moja lilikuwa likicheua kwa watu bila aibu. Akamwamkia mzee shikamoo, maana hata mwizi mwenye mvi huamkiwa, halafu akadai mali yake.

"Marahaba. Walikuwa wako," Shimba akasema. "Uliwaswaga mwenyewe mpaka hapa. Ni mahari."

"Mahari ya nani?"

Mlangoni alisimama binti wa mzee na kata ya maji. Hospitalini alikuwa amekatazwa kwenda. Binti aliyetolewa mahari hamfuati mwanamume kabla ya harusi, hata mwenye bandeji. Luhende hakumjua hata kidogo. Mzee akasema hana ugomvi: posa ikivunjika ng'ombe hurudi, basi awaswage, habari iishe.

Binti alimpa maji.

"Ulinichagua ukiwa na akili zako zote," alisema. "Chagua tena na hizo zilizobaki."

Luhende akalitazama dume. Akamtazama binti, mara hii kwa kirefu. Akanywa maji yote, akarudisha kata kwa mikono miwili.

"Mzee, ng'ombe walale hukuhuku. Ila naomba kuambiwa jina lake."

"Gladness," binti akajibu mwenyewe. "Ukilisahau na hilo, utaleta ng'ombe wengine."