Siku Kompyuta ya Mazishi Ilipopata Mbio

Mimi huandika vijitabu vya mazishi hapa Makutano, Meru. Nasema hivyo bila aibu, ingawa mke wangu akiulizwa kazi yangu hujibu kwamba niko kwenye uchapishaji, utadhani nachapisha Biblia. Kijitabu cha mazishi huku kwetu si mchezo. Watu hawasomi marehemu aliishije. Wanafungua orodha ya familia, wanatafuta jina lao, wanaangalia limekaa nafasi ya ngapi, kisha wanafunga na kuendelea kulia. Ukiacha jina la mtu, umemwambia mbele ya ukoo mzima kwamba yeye si wa pale. Hilo ndilo kosa pekee ninaloliogopa. Picha ikichapwa kichwa chini watu watacheka na kusahau.

Kompyuta yangu ilikuwa imeshazeeka nilipoinunua. Niliivumilia kwa sababu ndiyo pekee iliyokubali kufanya kazi na programu yangu ya kupanga kurasa, na humo nilikuwa nimehifadhi misalaba, maua na fremu zote nilizobuni kwa miaka mingi. Lakini uvivu wake ulikuwa wa kutisha. Ukifungua ukurasa wenye picha, ulikuwa na nafasi ya kwenda kunywa chai na kusalimia watu njiani, na ukirudi ungekuta nusu tu ya uso wa marehemu. Wanakamati wa mazishi walingoja kwenye benchi langu, macho yao mgongoni kwangu. Jirani yangu, mwenye mashine mpya, alikuwa na tabia ya kupita mlangoni na kuniuliza kwa upole kama imeamka. Siku moja nilimtukana kwa Kimeru, kisha nikamwomba msamaha kwa Kiswahili, jambo ambalo si sawa.

Ndipo nikasikia habari za fundi mmoja wa Embu, mwalimu mstaafu wa chuo cha ufundi, mtu asiyetupa kitu. Nikaifunga mashine kwa blanketi nikampelekea. Aliifungua, akapuliza vumbi, akatoa mende wawili waliokauka na punje ya mahindi, akanitazama kama daktari anavyowatazama jamaa waliochelewesha mgonjwa. Hakunishauri niitupe, na kwa hilo nilimpenda. Alichomoa prosesa ya zamani, ile sehemu inayofanya mahesabu yote, na mahali pake akachomeka kadi ndogo iliyobeba prosesa changa zaidi, yenye feni yake juu. Alinieleza kwamba mashine yenyewe haitajua kuna kilichobadilika, itaona tu kazi zinaisha. Feni ikaanza kulia kama nyuki aliyenaswa ndani ya chupa ya soda. Nikafungua picha moja kuijaribu. Uso ukatokea wote kwa mpigo, nikaruka nyuma kana kwamba marehemu amefufuka.

Wiki hiyo sikuvumilika. Nilifungua kurasa ambazo hakuna aliyeziomba. Jirani alipopita mlangoni nilimwambia kwamba nikipata nafasi nitamsaidia kazi zake.

Wa kwanza kuonja mbio hizo walikuwa ndugu watatu waliokuja kuandikisha kijitabu cha baba yao. Walinipa orodha kwenye karatasi ya daftari. Niliandika, nikapanga, nikachapa, nikapiga pini, na benchi lilikuwa bado halijapata joto. Mkubwa wao, niliyekuwa nimemwandika mzaliwa wa kwanza, alinishika mkono na kusema kwamba kama ofisi zote za hapa Meru zingefanya kazi hivyo, tungekuwa mbali. Niliimeza sifa hiyo nzimanzima.

Ijumaa asubuhi, mazishi yakiwa kesho yake, aliingia mama mmoja aliyetoka mji wa Maua, begi la safari begani na kijitabu changu mkononi. Nilidhani ameletwa na sifa zangu. Nikamkaribisha, nikamfungulia ukurasa mmoja ajionee mbio, nikamfungulia na wa pili. Alingoja nimalize.

"Nimesoma hii kitu mara tatu," akasema. "Nikafikiria ni mimi najiruka."

Alikuwa binti wa kwanza wa mzee yule, baba wa wale ndugu watatu, na jina lake halikuwamo. Alizaliwa kabla mzee hajaoa, na mama yake hakuwahi kuletwa katika boma lile, lakini mzee alimsomesha na kumwita mwanangu mpaka mwisho. Sasa kesho angesimama kando ya kaburi la baba yake akiwa mgeni, na karatasi ya kuthibitisha hilo nilikuwa nimeichapa mimi. Nilisikia aibu mpaka masikioni. Wala singeweza kumwongeza kimyakimya, maana katika kazi yetu mwandishi hamwongezei mtu mtoto nyumbani kwake. Nilimpigia simu yule kaka mkubwa, nikamwambia kuna kosa na waje wote watatu.

Tulipokuwa tukiwangoja ndipo nilipoelewa, na nikajikasirikia sana. Miaka yote hiyo, majina ya watu kama huyu mama hayakuwahi kuja yakiwa yameandikwa kwenye karatasi. Yalitoka kwenye benchi. Mashine ikiburuta uso wa marehemu mstari kwa mstari, watu walikohoa, wakatazama sakafu, na baada ya robo saa mmoja akauliza, na yule je? Kisha mwingine akasema, mwandike. Mimi nilikuwa nikidhani wanangoja kompyuta.

Ndugu walifika, wakampa dada yao mkono bila kumtazama usoni. Nilibonyeza, na ukurasa ukafunguka kabla hawajaketi. Kaka mkubwa akasema vijitabu vimeshagawanywa na muda umeisha. Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Nikainama chini ya meza kana kwamba najikuna mguu, nikachomoa waya.

"Imezima," nikasema. "Ikizima hivi lazima ipoe nusu saa."

Mungu anisamehe. Benchi langu ni la watu watatu, na wao walikuwa wanne, hivyo walisongeana mabega yakagusana. Mimi nikapanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa. Walizungumza kuhusu mvua, wakazungumza kuhusu mahema, wakaishiwa. Kisha kitinda mimba akamuuliza dada yake kama bado anayo ile picha ya baba na baiskeli. Alikuwa nayo kwenye begi. Akaitoa: kijana mwembamba, baiskeli nyeusi, na msichana mdogo ameketishwa mbele akishikilia usukani kwa mikono yote miwili. Picha ilipita mkono kwa mkono mpaka ikamfikia kaka mkubwa, ikakaa kwake. Yeye ni mtu mzima mwenye mvi, aliyeitwa mzaliwa wa kwanza tangu alipoanza kuitwa chochote. Aliitazama kwa muda mrefu, akaniuliza kama mashine imepoa. Nikamwambia bado kidogo.

"Ikiwaka, anza na yeye," akasema. "Mimi uniweke namba mbili."