Grenda Isiyo na Kava

Ipo siku moja, mwanangu Neema, ambayo kila nikisikia grenda inalia kwa jirani inanirudia nzima nzima. Nilikuwa kijana wa kuchonga vinyago pale Mwenge, nimeoa karibuni, tumepanga chumba Kimara. Wiki hiyo wezi walikuwa wamevunja banda letu na kubeba visu vyangu vyote vya kuchongea. Mchongaji asiye na visu anabaki kulitazama gogo, na gogo linamtazama yeye. Vipya sikuviweza. Nikaokota springi ya pikapu kuukuu, kile chuma bapa cha chini ya gari, nikasema nitatengeneza vyangu mwenyewe.

Jana uliniambia unataka kutengeneza visu vya jikoni huko kwako Kinyerezi, uviuze. Mie sikukatazi. Chuma kizuri kimejaa kwa wauza skrepa, na mikono unayo. Ila nisikilize kwanza.

Kasimu, rafiki yangu tuliyekuwa tukichonga naye banda moja, alikuwa na grenda. Kava yake, lile bati linalofunika upande wa diski, alishaing'oa zamani. Alisema inamzibia asione anapokata. Akaniazima. Nikaenda nayo dukani kwa Mzee Salimu, ambaye ukoo wake wa Kiarabu umeuza misumari na saruji pale mtaani tangu sijazaliwa. Nikampa shikamoo, nikaomba diski ya kukatia chuma.

Akaigeuza ile mashine mikononi.

"Kava iko wapi?"

"Haina, mzee. Ila mie ni mwangalifu."

"Basi diski sikuuzii."

Nilidhani anatania. Nikapandisha sauti mbele ya wateja, nikamuuliza kama hela yangu ina kasoro. Hakukasirika hata kidogo.

"Hela yako nzuri, kijana wangu. Lakini diski ikipasuka haikuulizi kama ulikuwa mwangalifu. Na wewe, mchongaji, riziki yako ni macho yako. Njoo huku, nieleze unakata nini."

Nilimfuata nyuma ya kaunta kwa hasira. Hasira ikaniisha nikiwa nimekaa kwenye mfuko wa saruji, maana mzee alinieleza jambo ambalo sikulijua: chuma cha springi ni kigumu kwa sababu kilipikwa kiwe kigumu, na unaweza kukipika tena kikalegea. Ukiweke kwenye mkaa unaowaka vizuri, nje, penye hewa, mpaka kiwe chekundu. Kisha ukifukie kwenye majivu makavu, ukiache kipoe chenyewe mpaka kesho. Usikimwagie maji. Hapo msumeno wa mkono wa kukatia chuma utakipita. Akanionya nisiweke motoni bati la kuezekea wala chuma chochote chenye rangi nyeupe ya zinki, moshi wake ni sumu. Nikatoka na nyembe za msumeno na miwani ya kazi, vitu vya bei ndogo kabisa.

Nilifanya kama alivyosema. Mke wangu Naomi alicheka kuniona nikipika chuma kwenye jiko kama mihogo. Lakini kesho yake nilikibana kwenye jiliwa ya fundi baiskeli, nikachora umbo la kisu kwa chaki, nikaanza. Meno ya msumeno yaelekee mbele. Unakandamiza ukienda, unalegeza ukirudi, tone la oili mara moja moja. Penye kona nilitoboa matundu yaliyofuatana kwa drili, nikakata kati yake. Mkono uliuma, sikatai. Ila kisu cha kwanza kilitoka na umbo nililolitaka.

Kasimu akaja, akaona, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Braza, kazi ya dakika unaifanya ya siku nzima! Lete hiyo springi iliyobaki."

Akachomeka grenda, ameshafunga diski ya kukatia mawe, si ya chuma. Nikachomoa waya.

"Hapa kwangu hapana, Kasimu."

"Umekuwa mwoga kwa maneno ya muuza misumari?"

"Ndiyo, ni mwoga. Na bado hapana."

Akabeba mashine na kipande kimoja cha ile springi iliyobaki, akaondoka bila kuaga. Iliniuma, mwanangu. Nilikuwa na rafiki mmoja tu mjini.

Jua halijazama, mkewe akaja mbio, kanga ina damu. Diski ilikuwa imepasuka. Kipande kimempasua shavu, chini tu ya jicho. Tulimkuta hospitali ameshashonwa, kichwa kizima bandeji. Akanishika mkono.

"Elisha, sikuiona hata ikitoka," akasema. "Nilikuwa nimekaza macho kabisa, na sikuiona."

Jicho lilipona. Alipopata nafuu tulikwenda wote kwa Mzee Salimu, naye akamtafutia kava inayoingia kwenye mashine yake, akaifunga mwenyewe. Visu vilivyobaki tulivikata wawili, tukipokezana msumeno, mhunzi akavirudishia ugumu vyote, na tulichonga navyo miaka mingi.

Basi nasaha yangu ni hii, Neema. Anza na msumeno wa mkono. Kwa visu vichache unatosha, na hautakuumiza zaidi ya malengelenge. Chuma kibane kwenye jiliwa, usikishike kwa goti. Miwani vaa hata unapopiga tupa. Ukimaliza umbo, mpelekee fundi mhunzi akirudishie ugumu, umwangalie anavyofanya. Siku ukinunua grenda, na utanunua, kava isitoke, diski iwe ya kukatia chuma na ya kuhimili kasi ya mashine hiyo, ikiwa na ufa itupe. Simama kando ya mstari wa diski, mikono yote miwili kwenye mashine, mtandio na nywele zifungwe, na mtungi wa gesi uwe mbali na cheche. Na akija mtu unayempenda kukuharakisha, chomoa waya. Akinuna, mwache anune.

Mungu aibariki mikono yako, ayalinde macho yako, na kila nyumba itakayokatia mboga kwa kisu chako ishibe kwa amani.