Ayinpoka apandisha jua kwenye paa la kwao

Saa mbili asubuhi, siku ya soko mjini Bolgatanga, Ayinpoka Akolgo anatoka dukani na paneli mbili za sola ambazo hajazilipia, moja kila kwapa. Mwenye duka anamtazama kama mtu anayemtazama mbuzi wake akiingia shamba la jirani.

"Mtumwa wangu ananiibia mchana kweupe," Bayuo, mwenye duka, anawatangazia wauza vitunguu walioko ng'ambo ya njia.

"Mtumwa ni wewe," anajibu Ayinpoka bila kugeuka. "Mimi nakusitiri tu. Unauza jua, na duka lako lina giza kama tumbo la chungu."

Wauza vitunguu hawashtuki. Bayuo ni Mdagaaba, Ayinpoka ni Mfrafra, na watu hao ni watani tangu enzi za mababu. Ugomvi wao mkubwa, ambao haujapata hakimu hadi leo, ni nani anayestahili kula kichwa cha mbwa.

Ayinpoka anaziegemeza paneli kwenye gunia la karanga, uso kwa jua. Nyuma ya kila moja kuna karatasi inayosema wati hamsini. Anatoa mita yake ndogo ya kupimia umeme, anagusisha nyaya za paneli ya kwanza, anasubiri, anaguna. Anagusisha za paneli ya pili. Hapo haguni. Anacheka.

"Bayuo, njoo uone. Hii ni hamsini. Na hii nyingine ni ishirini iliyovaa kanzu ya hamsini."

"Karatasi imesema."

"Karatasi haina mdomo. Aliyesema ni yule aliyeibandika."

Bayuo anairudisha ile yenye kanzu ndani, mbali, na bei yake anaipunguza papo hapo mbele ya watu. Analalamika kwamba mwanamke huyu atamfilisi, lakini akiulizwa pembeni anasema kingine. "Akichagua yeye, mteja harudi kugomba. Ila usimwambie. Ataanza kudai fungu lake."

Kwa kawaida baada ya hapo wangetaniana nusu saa nzima. Leo Ayinpoka analipa, anafunga paneli kwa kitenge, anaipakia kwenye pikipiki ya magurudumu matatu pamoja na betri, nyaya, balbu, na feni kuukuu ya kupozea injini ya gari. Hata uji hajanywa.

"Unakwenda wapi na uso huo?" Bayuo anamuuliza.

"Kwetu."

Mdagaaba anaacha utani. "Basi nenda polepole," anasema. "Kwenu ndiko kuna mawe."

Ayinpoka, mwenye umri wa miaka arobaini na moja, amefunga sola katika nyumba zaidi ya sitini, kuanzia kwenye majabali ya wilaya ya Bongo hadi karibu na mpaka wa Burkina Faso. Kulbisi, kijiji alichozaliwa, hajafunga hata moja.

"Wananijua tangu nikikimbizwa na kanga dume nikilia," anasema. "Mtu aliyekuona unalizwa na ndege, utamwambiaje akuamini na umeme?"

Alipokuwa na miaka kumi na saba alikwenda Kumasi kubeba mizigo kichwani. Usiku alilala kwenye baraza la fundi wa betri za magari, na kodi yake ilikuwa kufagia. Kutoka kufagia akaanza kushika tochi, kutoka tochi akashika bisibisi. Tindikali ilimtoboa nguo ya Krismasi ikawa kama chujio la pombe. Akikosea, mzee yule hakuwa na maneno mengi.

"Alinifundisha kwa konzi," anasema Ayinpoka huku akijipapasa utosi. "Hasi na chanya hadi leo naziona kwa kichwa, si kwa macho."

Sasa kazi moja humpatia cedi mia moja na hamsini, na kiangazi kikichangamka hupata kazi saba au nane kwa mwezi. Mvua ikinyesha, watu huzika fedha zao shambani, naye huchukua jembe kama wenzake. Kwa mapato hayo anasomesha watoto wawili na kumtunza mama yake.

Mwaka juzi wanawake kumi na wanne wa Kulbisi, wasukaji wa vikapu, walitaka taa ili wasuke jioni baada ya kazi za shamba na jiko. Mkuu wa nyumba, Mzee Atubiga, ambaye ni baba mkubwa wa Ayinpoka, akamwita fundi wa mjini mwenye mkoba wa zipu mbili. Taa ziliwaka, watu wakacheza. Kabla ya mavuno, betri ikafa. Wasukaji wakarudia kubana tochi kwa meno, mistari ya vikapu ikaanza kwenda upogo, na mnunuzi akavirudisha.

Wamechanga tena. Safari hii Mzee Atubiga ametoa neno moja tu: hii ikifa, hakuna kioo kingine kitakachopanda paa lake akiwa hai. Wanawake wakasema, basi aitwe Ayinpoka. Baada ya siku mbili mzee akasema, "Mwiteni."

Kwa hiyo leo akikosea, kumi na wanne watabaki gizani, na yeye atabaki yule mtoto wa kanga.

Anapofika, salamu zinachukua muda wake: habari za soko, za njia, za mama, za watoto, za usingizi. Kisha anapanda gogo lenye vidato hadi kwenye paa bapa la udongo, paa la chumba cha Bibi Lariba, mke mkubwa wa marehemu babu yake. Mashuke ya uwele yamelazwa upande mmoja, pilipili nyekundu upande mwingine. Ukingoni imesimama paneli ya zamani, wima kama picha ya harusi ukutani, imetazama machweo. Vumbi la harmatani, upepo mkavu wa jangwani, limeifunika hata haijulikani rangi.

"Hii nani aliielekeza huku?" anauliza.

"Mimi," inajibu sauti ya Mzee Atubiga kutoka chini, kwenye kiti chake mlangoni. "Mlango wa nyumba yetu unatazama machweo. Wageni wanaingilia huku. Kitu cha heshima kinampa mgeni uso."

"Na fundi alisemaje?"

"Alisema sawa, mzee. Kijana mwenye adabu."

Ayinpoka anauma mdomo. Kila nyumba ya huku mlango wake uko magharibi, na hakuna mzee ambaye angependa kitu chake cha thamani kiwageuzie ubavu wanaoingia. Fundi wa mjini alipata ujira wake, mzee akapata heshima yake. Aliyekosa chakula ni betri.

"Baba, kinapaswa kutazama kule," anasema, akinyoosha mkono kusini.

"Kule kuna nini? Choo cha jirani."

Wanawake walioketi chini na nyasi zao za kusukia wanainamisha vichwa ili wasionekane wakicheka.

"Na jua la jioni linakuja moja kwa moja hapa mlangoni kwangu," mzee anaendelea. "Nalikalia kila siku. Wewe unanifundisha jua la nyumba yangu?"

"Jua la jioni ni mgeni anayeaga, baba. Hana tena cha kukupa."

"Mwanangu, ulikwenda Kumasi ukarudi na mdomo."

Hapo mafundi wengi hukubali yaishe. Ayinpoka anasema aliifikiria ile "sawa, mzee" na akaiona tamu mdomoni. Badala yake anachomeka bua la uwele kwenye ufa wa paa ili apime kivuli chake, na kuketi kungoja jua lisimame. Anatazama pia kivuli cha ghala la nafaka. Saa chache tu baada ya adhuhuri kitafika ilipo paneli ya zamani na kuimeza nusu. Pasipofikiwa na kivuli ni kona moja tu, na hapo pameketi pilipili.

"Bibi, naomba kona yako."

Bibi Lariba, ambaye amepanda gogo lile bila kusaidiwa na mtu, anasimama katikati ya pilipili zake kama askari wa mpakani. "Pilipili zangu zilikuwa hapa kabla jua halijawa na bei."

"Naomba upana wa mkeka wa mtu mmoja."

"Mtu mmoja mnene au mwembamba?"

"Mwembamba, bibi. Kama mimi."

"Wewe umenenepa," bibi anasema, lakini anaanza kuzisogeza kwa mguu. "Na huyo kioo akikaa kwangu, ni wangu kumchunga. Sitaki watoto juu."

Adhuhuri, Ayinpoka anashuka na paneli mpya, anaiunganisha na ile feni ya gari, anamwomba mzee asimame uwanjani. Anampa paneli mikononi.

"Baba, mimi sisemi tena. Ishike unavyotaka. Itazamishe wageni."

Mzee anaisimamisha kuelekea machweo. Feni inazunguka kwa uvivu, kila panga linaonekana.

"Inazunguka," mzee anasema.

"Inazunguka. Sasa igeuze mwenyewe, polepole, usikilize."

Anageuza. Sauti inaanza kupanda. Anailaza kidogo, inapanda zaidi. Anapofika kusini, uso wa paneli umeinuka kulikabili jua, feni inanguruma, vumbi linatimka na kofia ya mzee inaanguka. Anapitiliza kidogo, sauti inashuka. Anarudi, inapanda. Anafanya hivyo mara ya tatu, na ya nne, peke yake, bila kumtazama mtu, kama anayetafuta stesheni redioni.

Wanawake wameacha kusuka.

"Hapa," anasema hatimaye. Miguu yake imetazama choo cha jirani.

"Hapo, baba," anasema Ayinpoka, na anaichora ardhi kwa kisigino.

Juu ya paa anaifunga kwenye fremu ya mbao, kusini, ila anailaza kuliko alivyoishika mzee, kwa kuwa mvua zikija jua hupanda utosini. Haiachi iwe bapa kabisa. Hilo ndilo kosa la pili la huku: kila kinachopanda paani hulazwa kama uwele, na upepo wa vumbi ukija hufunikwa kwa nguo.

"Usimfunike, bibi. Mfute. Alfajiri, kabla hajapata moto, kwa kitambaa chenye maji."

"Kama uso wa mtoto."

"Kama uso wa mtoto."

Kosa la tatu liko ndani ya chumba, kwenye betri, na ndilo lililoiua ile ya kwanza kuliko yote. Kulbisi mtu akikaribishwa pombe ya mtama hunywa hadi mashapo. Kuacha nusu kibuyu ni kusema pombe ya mwenyeji ni mbaya. Na chungu hakijazwi tena mpaka kikauke. Betri nayo ilinyweshwa adabu hiyohiyo: taa ziliachwa ziwake hadi zizimike zenyewe.

"Betri si chungu," Ayinpoka anawaambia wasukaji, akionyesha kisanduku kidogo chenye taa tatu alichokibandika ukutani. "Kijani, sukeni. Njano, maliza mstari wako uzime. Nyekundu msiione kabisa."

"Yaani tuibakize nusu?" anauliza Bibi Lariba. "Si ni matusi?"

"Huyu anapenda kutukanwa, bibi. Mtukaneni kila siku."

Kicheko kinasikika hadi mlangoni.

Wiki tisa baadaye, mwisho wa Machi, joto la Kulbisi linapasua visigino. Betri ni nzima. Ayinpoka ameipima kwa mita, kisha akaipima tena kwa furaha tu. Wasukaji wamepeleka vikapu vyao vyote na hakuna kilichorudi. Bibi Lariba hufuta paneli kila alfajiri akiisimulia habari za jana.

Siku alipomaliza kazi, Ayinpoka hakudai kitu kwa baba yake mkubwa. Binti hadai nyumbani. Alikuwa ameshika usukani wa pikipiki mzee alipotoka na kanga jike, miguu imefungwa kwa kamba ya nyasi. Kanga hai hupewa mkwe, au fundi aliyetoka mbali.

"Baba, mimi ni mtoto wa humu."

"Najua ulipozaliwa," mzee alimjibu. "Nampa fundi."

Kanga hakuchinjwa. Sasa ana mayai kumi na manne, na Ayinpoka anasema atauza baadhi, mengine yaanguliwe auze vifaranga, aanze kujenga chumba chake cha kazi hapahapa Kulbisi. Anataka kuchukua wasukaji wawili awafundishe kuchagua paneli na kuzifunga, ili kiangazi kijacho wapande mapaa bila yeye. "Bila konzi," anaongeza. "Labda moja, kwa ajili ya hasi na chanya."

Anapoeleza hayo, kwenye kiti cha mlangoni kuna mgeni, mkuu wa nyumba ya ng'ambo ya kijito, anayekodolea macho paani.

"Atubiga, mbona kioo chako kimetupa mgongo?"

"Hakijakupa mgongo," anajibu Mzee Atubiga. "Kiko kazini. Aliye kazini hageuki kila mgeni anapokohoa."

"Nani kakifunga?"

"Binti yangu."

"Basi mwambie aje kwangu."

Mzee anachukua kibuyu, anakunywa, anakiweka chini, hana haraka.

"Atakuja," anasema. "Lakini mbele yako kuna nyumba tano. Na akikwambia kipi kitazame wapi, usibishane naye. Utapoteza kofia."