Klabu Niliyojiunga Nayo Kimakosa

Afadhali mlisikie kutoka kwangu. Mimi ni fundi cherehani hapa Ntinda, na miezi mitatu ya mazoezi ilikuwa haijanifikisha hata kilomita tatu bila kusimama. Jumamosi iliyopita nikaamua kujiunga na klabu ya wakimbiaji. Nilichelewa, nikaona kundi la watu wenye fulana nyeupe likipita, nikajiunga nalo.

Walikuwa wakiimba kwa Kiswahili, nami nikaimba kuliko wote. Kila nilipotaka kusimama, msichana aliyekuwa kando yangu aliniambia, "Twende, mama, usichoke."

Tukaingia kwenye geti moja, nikadhani tunakwenda kunywa maji. Kumbe ni kambi ya polisi. Tukapangwa mstari, na afande mmoja akaanza kutuhesabu. Alipofika kwangu akasimama.

"Na wewe, mama, ni nani?"

"Mimi ni fundi cherehani, afande. Nilidhani nyinyi ni klabu."

Mstari mzima ukacheka. Yeye hakucheka. Alitazama saa yake, kisha akageuka kutazama geti.

"Umekimbia kilomita nane," akasema. "Makuruta wangu wawili bado wako njiani."