Gordy Tesch Anapotoka Kunywa Kahawa

Kila Ijumaa ya Kwaresima, katika ukumbi wa kanisa la Mtakatifu Kasimiri, Mheshimiwa Gordy Tesch hufunga aproni na kuwagawia watu samaki wa kukaanga. Miaka yote aliyokaa katika bunge la jimbo, kazi aliyoimudu barabara ni kuuliza, "Vipande viwili au vitatu?" huku akitabasamu utadhani samaki wenyewe kawavua yeye.

Noreen Wojta, mfungaji jibini kiwandani, alikuwa akimpigia kura tangu ujana. Mwaka huo mumewe, Duane, alikuwa anangoja kupasuliwa moyo, na msimamizi wa kiwanda alikwisha kumwambia Noreen: ukikosa zamu, usirudi. Bungeni kulikuwa na muswada wa kuwalinda wafanyakazi wanaokosa zamu kwa kuuguza jamaa zao. Kama ungepita, ungeanza kutumika papo hapo.

"Gordy, utatusaidia?" Noreen aliuliza, sahani mkononi.

"Noreen wewe! Mimi na Duane tumevua samaki pamoja kwenye ziwa lililoganda tangu utoto. Neno 'hapana' hutalisikia kinywani mwangu, haki ya Mungu!" Akamwongezea kipande cha tatu.

Siku ya kura Noreen alibadilishana zamu na mwenzake, akaendesha gari mpaka makao makuu ya jimbo, akaketi roshani ya wageni. Majina yakaanza kuwaka ubaoni, kijani kwa ndiyo, nyekundu kwa hapana. Hapo Tesch akasimama, akajipapasa mifuko kama mtu aliyesahau miwani, akatoka nje. Jina lake halikuwaka rangi yoyote. Kura zikalingana, na muswada usiopata wingi ni maiti.

Noreen alimkuta ushorobani na kikombe cha kahawa.

"Gordy! Umetoka!"

"Taratibu, dada. Wenye kiwanda nao ni watu wangu. Halafu, nimesema hapana? Sijasema."

"Na 'ndiyo' je, umesema?"

"Ndiyo maana sina adui," akajibu, akapuliza kahawa yake. Hana adui! Hata jongoo hana adui, lakini hakuna aliyempeleka bungeni.

Duane alipasuliwa Noreen akiwa kiwandani anafunga jibini. Upasuaji ulifanikiwa, lakini alipofumbua macho alikuta uso wa muuguzi asiyemjua.

Ijumaa ya mwisho ya Kwaresima Noreen alimleta ukumbini kwa kiti cha magurudumu. Tesch akagonga sinia kwa koleo, akakohoa.

"Ndugu zangu, kuzitumikia familia za wafanyakazi..."

Noreen akasimama. Akajipapasa mifuko, taratibu, ya kulia kisha ya kushoto. Akachukua kikombe.

"Noreen, unakwenda wapi? Ndiyo kwanza naanza!"

"Kunywa kahawa tu, Gordy. Sikupingi."

Verna, jirani yake, akacheka mpaka akapaliwa. Naye akasimama, akajipapasa. Kisha meza nzima, na ya pili, na mapadri wawili wastaafu waliokuwa karibu na jiko. Noreen akamsukuma mumewe mpaka ushorobani, watu wakijazana nyuma yao na vikombe vitupu.

Ndani, Tesch alikuwa bado anahutubia. Sauti yake ilikuwa ileile, tamu, ya mtu anayewaahidi samaki.

"Mwambieni anyamaze," Duane alisema, mikono kwenye mshono wa kifuani, machozi ya kicheko yakimtoka. "Atanikatisha nyuzi huyu."