Mkono Niliopunga Pale Himo

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo miguu yangu inaikumbuka kuliko kichwa changu. Kila ninapoanza kupanda mlima kwa baiskeli, hata sasa nikiwa na mvi, siku ile hunirudia magotini. Kaa nikusimulie. Nitakwenda taratibu, maana niliishia darasa la saba, na kalamu mkononi mwangu ni nzito kuliko spana.

Ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje ilikuwa ndiyo kwanza imeingia. Tairi mpya zilianza kuonekana tena madukani, baada ya miaka ya kushona tairi kuukuu kwa waya. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, nafanya kazi kwenye shamba la mkonge upande wa Korogwe. Baba alikwisha kufariki. Nilikuwa mtoto wa mwisho wa mama yangu, na nilikuwa na haya kupita kiasi. Nikiona watu wamekaa barazani, nilizunguka nyuma ya nyumba. Ndiyo maana niliipenda baiskeli yangu nyeusi. Aliye juu ya baiskeli haulizwi maswali mengi, anapita.

Siku hiyo nilipata simu ya maandishi, ile ya posta, kutoka kwa dada yangu Epifania: mama mgonjwa sana, anakuita, njoo upesi. Wewe umezaliwa mjini, labda hujui. Kwetu mlimani mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi ndani ya kihamba, shamba la ukoo lenye migomba na kahawa. Mzazi hapendi kufumba macho kabla hajamshika mkono mtoto huyo na kumbariki. Nilielewa. Sikuitwa kwenda kumuuguza mama. Niliitwa kwenda kuagana naye.

Nikapanda treni ya Moshi, na baiskeli nikaipeleka behewa la mizigo. Humo nikamkuta mzee mmoja mrefu, amevaa kofia ya sufu katika joto lile, anaifunga baiskeli yake wima ukutani kwa vipande vya mpira.

"Kijana, ya kwako usiilaze," akasema. "Ukiilaza, wenzako wataiwekea magunia, utashuka na gurudumu lenye umbo la yai. Na punguza upepo kwenye tairi. Behewa hili likichomwa na jua, mpira wa ndani hupasuka wenyewe."

Huyo alikuwa Mzee Valeriani wa Kibosho. Alikuwa amestaafu, watoto wake wamekua, na kazi yake sasa ilikuwa kutembea nchi kwa baiskeli. Safari ile alikuwa ameendesha kutoka Kibosho hadi Tanga, na sasa alikuwa akirudi kwa treni kupumzisha magoti. Wapagazi wakamcheka.

"Babu, ulikwenda Tanga kununua nini?"

"Sikununua kitu."

"Sasa ulikwenda kufanya nini?"

"Kuwasalimia."

Wakacheka zaidi. Mimi pia nilicheka, lakini kimoyomoyo, kwa sababu ya haya.

Tulipofika Same asubuhi, treni ikasimama na haikuondoka. Mvua ya masika ilikuwa imekula tuta la reli huko mbele. Gadi akapita akisema hajui itachukua muda gani. Watu wote wakakimbilia barabarani, na mabasi machache yaliyopita yalikuwa yamejaa hadi mlangoni. Nikasimama na baiskeli yangu. Mzee Valeriani akanitazama, akaniuliza nina haraka ya nini. Nikamwambia kuhusu mama.

"Basi twende," akasema. "Jioni utakuwa Himo."

Njia ya Same kwenda Himo ni tambarare ndefu, miiba kushoto na kulia, na jua la baada ya mvua huchoma kuliko la kiangazi. Mzee alinifundisha mengi njiani. Alisema msafiri asiulize umbali, aulize maji, kwa sababu umbali kila mtu anaupima kwa miguu yake, lakini maji ama yapo ama hayapo. Alibeba pampu, solusheni, viraka, na kipande cha tairi kuukuu cha kuziba tairi likichanika. Mimi sikuwa na hata spana. Raba za breki zangu zilikuwa zimeisha. Nilisimamisha baiskeli kwa soli ya kiatu.

Lakini lilikuwapo jambo moja lililonichosha. Kila tulipokutana na mtu mzima, Mzee Valeriani alishuka. Hakupunguza mwendo tu, mwanangu. Alishuka, akaishika baiskeli pembeni, akavua kofia, akasalimia. Mwenye kuni alisalimiwa, mwenye mbuzi alisalimiwa. Aliulizwa tumetoka wapi, naye aliuliza wanaendeleaje, mvua zikoje, watoto wakoje. Mimi nilibaki juu ya kiti, mguu mmoja chini, nikitazama barabara. Mwisho uvumilivu ukanishinda.

"Mzee wangu, mama yangu anakufa."

"Nimesikia, mwanangu."

"Na wewe unashuka kwa kila mwenye mkongojo."

"Nashuka kwa kila mwenye macho," akasema. "Yule wa mbuzi ametuambia bomba la mbele ni kavu, ndiyo maana tumejaza maji hapa. Wewe ungelijua hilo lini?"

"Ningefika hivyo hivyo."

"Ungefika." Akanitazama kwa huruma, si kwa hasira. "Haya, tangulia. Damu yako bado changa, na mama ni mama. Nami nitafuata."

Nikatangulia. Nilikanyaga pedeli kama mtu anayefukuzwa. Alasiri nikaingia Himo, pale njia zinapogawanyika: moja inakwenda Moshi mjini kupitia Kiboriloni, nyingine inapanda Marangu na kwetu Mamba. Kando ya njia panda, kati ya mafungu ya ndizi, alikaa Mama Sabina, jirani yetu wa kihamba cha chini. Aliniona kabla sijamwona.

"Damasi! Damasi we! Shuka!"

Ninyi mnaowapita wazee mkiwa na simu masikioni hamjui salamu za Mama Sabina. Huanza na wewe, huingia kwa mama, kwa kahawa, kwa ng'ombe, hurudi kwako. Na watu wote wa sokoni walikuwa wamegeuka kunitazama. Haya ikanishika shingoni, haraka ikanisukuma mgongoni. Nikainua mkono, nikampungia, nikapita. Nikasikia ananiita tena. Nikakunja kona ya kwenda Marangu.

Mlima ule hauna adabu. Unapanda hadi pumzi inakuwa na ladha ya chuma. Nilikuwa nimekwisha kupanda sehemu nzuri, migomba imeanza kufunga barabara pande zote, niliposikia sauti zikitoka chini. Unajua namna watu wa mlimani wanavyopelekeana habari: mmoja anaita kutoka shambani kwake, wa juu yake anadaka, anampokeza wa juu zaidi. Sauti zilipanda haraka kuliko mimi. Mwanzo niliona si za kwangu. Kisha nikasikia neno "baiskeli." Kisha nikasikia jina langu.

Kwenye kona, mzee mmoja akatoka migombani na panga lake la kukatia majani ya ng'ombe. Akasimama katikati ya barabara.

"Wewe ndiye Damasi?"

"Ndiyo. Shikamoo meku, mzee wangu, nina haraka sana..."

"Shikamoo ya juu ya baiskeli siitikii. Shuka."

Nikashuka. Nikamwamkia upya, akaitikia marahaba, akabaki amesimama na panga lake kama mlinzi wa mahakama. Wanawake wawili wakaja na mizigo yao ya majani kichwani, wakasimama nao.

"Ameiba?" mmoja akauliza.

"Sijui," mzee akajibu. "Nimeambiwa tu nimzuie."

Tulisimama hivyo mpaka Mzee Valeriani alipotokea kwenye kona ya chini, akiisukuma baiskeli, kofia mkononi, kifua kinapanda na kushuka kama mvukuto. Sikuwahi kumwona mtu mzima amechoka vile kwa ajili yangu. Alishika bega langu kwanza ili asianguke.

"Mama yako hayuko juu," akasema. "Yuko Kiboriloni, kwa dada yako. Walimteremsha kwenda hospitali, hospitali imemrudisha. Wanangoja gari la kumpandisha nyumbani. Yule mama wa ndizi alikuwa anakuita akwambie. Nilishuka kumsalimia, akanieleza, tukapaza sauti watu wa juu wakuzuie. Juu nyumba imefungwa."

Ningefika Mamba giza limeingia, nikakuta kufuli. Ningelala kwa jirani, nikateremka kesho yake.

"Kwa nini hukushuka?" akaniuliza.

"Nilimpungia mkono, mzee."

Hapo ndipo akanikemea. Hakuinua sauti, na labda hakuwa na pumzi ya kuinua.

"Mkono hupungiwa treni, Damasi. Treni haina la kukwambia. Mtu hushukiwa akasalimiwa. Unadhani salamu ni deni unalowalipa wazee? Salamu ni mlango. Umepita mlango wazi, sasa unataka kuvunja ukuta kwa kichwa."

Nikaanza kugeuza baiskeli. Akaitazama, akainama, akagusa breki.

"Raba zako ziko wapi?"

"Natumia kiatu, mzee."

Mmoja wa wale wanawake akacheka hadi majani yakamwanguka. "Jamani! Huyu anateremka mlima kwa soli!"

"Chukua yangu," Mzee Valeriani akasema. "Kupanda ni mapafu, kushuka ni akili. Ukivunjika shingo hapo chini, mama atakungoja bure. Ya kwako nitakuja nayo mimi, kwa miguu."

Nikateremka kwa baiskeli ya mtu niliyemwacha barabarani asubuhi. Himo sikumwona Mama Sabina. Soko lilikuwa limeanza kufungwa. Nikakata kuelekea Moshi, na jua lilikuwa linazama nilipouliza nyumba ya Epifania pale Kiboriloni. Ndiyo, niliuliza. Nilishuka na kumuuliza kila mtu.

Mama alikuwa amelazwa karibu na dirisha, amekuwa mdogo kama mtoto. Epifania akamwambia, "Mae, Damasi amefika." Mama akafungua macho, akanitafuta, akanipata.

"Umekula?" akauliza.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nikapiga magoti. Akanishika mkono, akaniambia niitunze nyumba, mlango wake usifungwe kwa mgeni, kahawa nisiing'oe kwa hasira bei ikianguka. Kisha akaomba anyweshwe mbege, pombe yetu ya ndizi, akaonja kidogo tu, akanitemea mate kifuani kama wazee wetu wanavyobariki. Akalala amenishika kidole. Asubuhi, kabla gari halijafika, alikuwa ameondoka.

Tukampandisha Mamba, tukamzika kihambani. Mzee Valeriani alikuja mazikoni akisukuma baiskeli yangu. Alikuwa ameiwekea raba mpya za breki.

Baada ya siku za matanga nilikata jani la isale, lile ambalo kwetu hushikwa na anayekwenda kuomba radhi, nikateremka nalo Himo. Mama Sabina aliponiona nimesimama mbele ya ndizi zake na jani mkononi, mbele ya soko zima, akaweka kisu chini.

"Hilo la nini?"

"Nilikupita, Mae."

"Jani hilo ni la watu waliogombana. Mimi na wewe tuligombana lini? Ulikuwa na haraka ya mama yako." Akasogeza fungu la ndizi, akapata nafasi kwenye gogo alilokalia. "Liweke hapo. Kaa. Sasa nisalimie."

Nikamsalimia, mwanangu. Nilianza na yeye, nikaingia kwa watoto wake, kwa kahawa, kwa ng'ombe. Ilikuwa ndefu, na mara mbili nilianza upya. Naye alinijibu yote, hakuruka hata moja, wanunuzi wanasubiri. Tulipofika kwa mama, akanishika mkono.

Nimeendesha baiskeli nyingi tangu hapo. Nimezunguka mlima huu kwa kupitia Tarakea na kurudi kwa Sanya Juu. Treni ya abiria ikakoma kuja Moshi, reli ikaota majani, nami nikaendelea kwa tairi. Njia nimezijua, vifaa nimevijua, na ukiniuliza juu ya spoku na minyororo nitakujibu mpaka uchoke. Lakini hivyo vyote duka litakufundisha.

Nasaha yangu ni hii. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nami naongeza kwamba kabla ya kuuliza kuna kusalimia, na kabla ya kusalimia kuna kushuka. Shuka, mwanangu. Shuka hata ukiwa na haraka, na hasa ukiwa na haraka, kwa kuwa mwenye haraka ndiye asiyejua nini kimebadilika mbele yake. Ukiwa na haya kama mimi, shuka nayo hivyo hivyo. Watu hawataki maneno mazuri, wanataka kuonwa. Haya si dhambi, lakini usiivalishe nguo ya haraka ukaiita bidii. Na siku mzee akija nyuma yako akihema, amekukimbilia mlima kwa habari ambayo si yake, mpe bega ashike.

Mungu wa mlimani na wa tambarare akutangulie. Akupe magoti yasiyochoka na maji kila unapoyaulizia. Wanaokuita barabarani uwasikie. Na wale unaowakimbilia, akujalie uwakute wangali wamefumbua macho.