Nilijaribu Nyembe Tano Kichwani, Watu Wakaja Kulia Msiba

Jumapili ile watu kama arobaini walikuja nyumbani kwetu kulia msiba. Walikuja na kuni, unga, na sufuria kubwa ya kanisa.

Na kwetu hakuna mtu aliyekuwa amekufa.

Ngojeni niwaeleze pole pole, maana hata leo nikiikumbuka siku ile nachoka.

Naitwa Bonaventure, wengi wananiita Bona. Ni Mkongomani wa Uvira, na nusu ya maisha yangu na zaidi imeishia hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi kule Uganda. Kazi yangu kinyozi. Sio zile mashine za umeme zinazonguruma, hapana. Mimi natumia ile ya chuma ya wazee. Unaifungua, unalaza wembe ndani, unaifunga, unapaka povu la sabuni kwa brashi, unanyoa taratibu.

Wengine wana ugonjwa wa mpira. Mimi wangu ni nyembe.

Nina daftari kabisa. Kila wembe mpya naupima usoni kwangu kabla haujagusa mteja. Shavu la kushoto wembe huu, la kulia ule. Kesho yake nageuza, maana mkono wangu unapendelea upande mmoja, na sitaki kuuonea wembe bure. Sabuni ile ile, maji moto yale yale. Naandika: unavuta ndevu? Unawasha? Vipele je? Unanyoa mara ngapi kabla ya kuwa butu?

Kuna wembe unaanza kwa ukali wote halafu mara ya pili haukati hata povu. Kuna mwingine unakwaruza siku ya kwanza, siku ya tatu unakuwa laini mpaka unashangaa.

Mama yangu, Madeleine, alikuwa ananicheka. "Bona, benzako banaoa, weye unaandikia nyembe barua!"

Basi mwaka 2012, Ijumaa moja, nilishuka mjini Mbarara kwa Faruku, mwenye duka ninaponunua vifaa vyangu. Akanimwagia paketi tano mezani.

"Bona sebo, hizi zimepitia mpakani Kikagate, aina tano. Mimi sijui gani iko muzuri. Jumatatu unipigie, nataka kuagiza katoni."

"Faruku, leo Ijumaa. Uso wangu ni mmoja, na ndevu zenyewe nimenyoa jana."

"Banange! Kwani wewe hauna kichwa?"

Tukacheka. Ningejua, nisingecheka.

Jumamosi, kibandani kwangu, nikapunguza nywele kwa mkasi, nikagawa kichwa sehemu tano. Paketi nyekundu mbele: ilivuta mpaka machozi yakanitoka. Ya njano upande wa kushoto: ikanikata juu ya sikio. Ya bluu na ile nyeupe, sawa tu, za kawaida. Ya kijani nikaipitisha kisogoni, nikadhani haijanyoa. Nikapapasa kwa mkono. Laini kabisa, kama sahani!

Nikaandika tisa kwa kumi. Nikavaa kofia yangu ya sufu kwa sababu ya baridi, nikaenda nyumbani kulala. Nilikuwa nimechoka sana wiki ile.

Sasa kuna jambo lazima mlijue.

Kwetu, mtu akifa, ndugu zake wananyoa kichwa kwa wembe. Ndio dalili. Hakuna mtu wa kwetu atakayeuliza mara mbili.

Na mimi nilikuwa na mdogo wangu, Emery. Mwaka 1996 tulipokimbia Uvira alikuwa na miaka saba, mimi kumi na tatu. Mama alikuwa amebeba mizigo, akaniambia, "Shika mukono ya mudogo wako." Nikashika. Risasi zikalia, watu wakasukumana, na mkono ukanitoka.

Hatukumwona tena.

Mama alikataa kilio. "Sikuona maiti. Hakuna wembe utagusa kichwa mu hii nyumba mpaka mutu alete habari." Miaka kumi na sita sisi ni mkasi tu. Jirani wote wanalijua hilo.

Mimi moyoni nilishakubali zamani. Lakini mama akisema "Emery atakuja," nilijibu, "Atakuja, mama." Niliogopa. Nilijua siku atakayokubali, moyo wake hautaweza, nitamzika na yeye.

Mtaniuliza, sasa ulinyoaje? Nilisahau. Ndiyo hivyo. Kwa ajili ya nyembe za Faruku nilimsahau mdogo wangu, na sina namna nyingine ya kulisema.

Jumapili mama alibaki nyumbani, magoti yanamuuma. Nikaingia kanisani, nikavua kofia kama mwanaume yeyote.

Bamama wakaanza kunitazama. Pascaline, jirani yetu, akaziba mdomo. Nikajua wanacheka umbo la kichwa changu.

Ibada ilipoisha Pasta Semahoro akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Jikaze, ndugu."

Mimi na uchovu wangu nikamjibu, "Aksanti, Pasta, tunajikaza." Kumbe nimethibitisha msiba kwa kinywa changu!

Saa nane mchana niko nyumbani, kofia kichwani, nikasikia vilio vinapanda njia. Mbele Pascaline, mikono kichwani: "Uuuwi! Emery wetu! Emery!"

Hapo ndipo nikajishika kichwa.

Nikakimbilia mlangoni kumzuia mama. Nimechelewa, ameshatoka na fimbo yake. Akatazama watu, akatazama kuni. Akaninyooshea mkono.

"Toa kofia."

"Mama, pardon, ni nyembe tu, Faruku alini..."

"Toa, Bona."

Nikatoa. Mama akanipapasa kichwa, mbele mpaka nyuma. Nilikuwa nasubiri aanguke.

Hakuanguka. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Nani alikuambia?"

"Kuniambia nini?"

Akanitazama sana. Kisha akakaa chini pale pale mlangoni.

"Mutoto wangu, mimi niliambiwa mwaka wa 2005. Pale ku robine, tukiteka mayi. Aliniambia ni Nyirabahire, ule mama alikuwa naye mu ile njia. Alimubeba siku kumi na moja. Mutoto akafa juu ya kuhara, akamuzika na mikono yake. Hakufa peke yake, Bona."

"Miaka saba, mama? Juu ya nini hukusema?"

"Juu yako! Ni weye ulikuwa unamushika mukono. Ulikuwa unalala unaita jina yake. Nikasema, nikimuambia, huyu wa pili pia atanifia."

Jamani. Nililia mbele ya watu wote, mwanaume mzima, na sikuona haya.

Mama akafungua kitambaa chake. Nywele zote nyeupe. "Leta ile mashine yako. Na uchague wembe muzuri."

Nikachemsha maji. Nikampaka povu. Nikaweka ile ya kijani. Haikumtoa hata tone la damu.

Watu walikaa siku tatu. Na mama, ambaye kwa miaka kumi na sita alikuwa na neno moja tu, "atakuja," alianza kumsimulia Emery: alivyoogopa kuku, alivyoiba sukari na kuificha ndani ya kiatu, mpaka sisimizi wakamkamatisha. Sikuwahi kuyasikia hayo. Tulicheka, tukalia, tukala ugali wa watu.

Nyinyi mnaosoma, kama kuna habari mnamficha mtu wa nyumbani ili asiumie, muulizeni kwanza anajua nini. Wazee walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi na mama tulikingana miaka saba, tukachoka wote wawili, na mtoto alikuwa hajaliliwa.